Bi Hind Aidarus na Bawa Lililopotea Kibokoni

Bi Hind Aidarus, Katibu wa Chama cha Kitaifa cha Ndege Kimya, anastaafu tarehe 31 Machi 1999, siku chache baada ya Idi, akiwa amekitumikia chama kwa miaka ishirini na minne. Aliingia mwaka 1975 akiwa karani wa kupiga chapa, akawa msaidizi wa katibu, na tangu mwaka 1988 amekuwa katibu mwenyewe. Wenyeviti wamekuja na kuondoka, marubani wamezeeka na kuanza kuvaa miwani, na ofisi yenyewe imehama. Yeye amekuwapo wakati wote, na kalamu yake nyuma ya sikio, chini ya mtandio.

Kwa kuwa kijarida hiki kitasomwa pia na majirani zetu wa Kibokoni na wageni watakaohudhuria sherehe, inafaa kwanza kueleza ndege kimya ni nini. Ni ndege isiyo na injini. Huvutwa juu kwa winchi au kwa ndege nyingine, kisha huachiliwa, na kuanzia hapo rubani hana cha kutegemea isipokuwa hewa. Jua linapoipasha moto ardhi, hewa iliyo juu yake nayo hupata joto ikapanda, kama mvuke juu ya sufuria. Rubani akiipata hewa inayopanda huzunguka ndani yake, naye hupandishwa bila kelele. Mwewe hufanya hivyo kila siku. Sisi tumemwiga tu, na tumehitaji mbao, gundi na vikao vingi vya kamati kufikia pale alipo yeye.

Mgeni akishaelewa hayo huuliza swali la pili, na hilo ndilo gumu. Kama ndege hizi zinahitaji nchi kavu, pana na yenye joto, kwa nini makao makuu ya chama yako Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, katika kisiwa ambacho upepo wa bahari huipooza hewa kabla haijapata nafasi ya kupanda? Kisiwani Mombasa haparuki ndege kimya hata moja. Ukisimama mlangoni petu huoni uwanja; unaona ukuta wa jirani, na ukinyoosha mikono miwili unakaribia kuugusa. Watu wamekuja kutoka mbali, wamepotea vichochoroni mara mbili au tatu, na walipofika kwetu hatimaye wakatazama huku na huku na kuuliza, "Sasa ndege ziko wapi?"

Jibu la swali hilo ni sehemu kubwa ya wasifu wa Bi Hind, kwa hiyo tutalieleza taratibu.

Bi Hind alizaliwa na kukulia Kibokoni, mtoto pekee wa Bi Mwanakuu, ambaye wazee wa mtaa wanamkumbuka vizuri. Bi Mwanakuu alipoteza uwezo wa kuona wakati binti yake angali shuleni. Kwa hiyo Bi Hind alijifunza kupiga chapa mapema, akatafuta kazi iliyo karibu na nyumbani, na kazi aliyoipata ilikuwa ya ajabu kwa binti wa wakati ule. Ofisi yetu ilikuwa chumba cha juu pale Mbaraki, kwa sababu tu katibu wa siku hizo alikuwa mtu wa meli na alipenda kuiona gati akiwa anakunywa chai.

Lakini Mbaraki ilikuwa na faida ambayo hakuna aliyeipanga. Ndege kimya zote za nchi hii huja kwa meli, zikiwa zimefunguliwa vipande vipande ndani ya masanduku marefu. Kabla ya kuliona anga la bara, kila moja hupitia forodhani. Na forodhani ndiko Bi Hind alikojijengea jina. Afisa mmoja mgeni wa kazi alikataa kabisa kuamini kwamba kitu kisicho na injini kinaweza kuitwa ndege. Alishikilia kuwa kilichomo sandukuni ni ndege iliyoibiwa injini, akataka mwizi apatikane kwanza. Bi Hind hakubishana naye. Alikata karatasi, akaikunja iwe kama ndege ya watoto wa shule, akairusha kutoka dirishani. Ikapaa polepole juu ya masanduku, ikageuka, ikatua kwenye kofia ya mlinzi. "Na hii imeibiwa injini?" akauliza. Sanduku likatoka siku hiyohiyo, na yule afisa hadi leo hutuletea kadi ya Idi.

Mwaka 1981 chama kilimwalika apande mwenyewe, huko nyanda za juu upande wa Laikipia. Alifunga mtandio wake vizuri, akakaa kiti cha nyuma, akapandishwa. Aliporudi Kibokoni mama yake hakumuuliza aliona nini. Alimuuliza, "Wasikia nini huko juu?" Bi Hind akasema kwamba wasikia mbwa wakibweka chini, na jogoo, na mtu akipasua kuni, yote kwa uwazi, kwa sababu hakuna injini ya kuzifunika sauti. Bi Mwanakuu alilipenda jambo hilo mno. Tangu siku hiyo aliwaeleza wageni wote kwamba binti yake anafanya kazi katika chama cha ndege za kusikilizia.

Sasa tuje kwenye suala la makao.

Mwaka 1993 mkutano mkuu uliamua kwamba chama kipate makao makuu ya kudumu. Hadi hapo tuliishi katika vyumba vya kupanga, na kila tulipohama tulipoteza kitu: mara picha za zamani, mara muhuri, na mara moja kombe la mashindano, lililoonekana baadaye katika mgahawa likitumiwa kuwekea vijiko. Sehemu tatu zilipendekezwa. Ya kwanza ilikuwa Nairobi, kwa sababu kila chama kipo Nairobi. Ya pili ilikuwa Laikipia, kwa sababu huko ndiko ndege zinakoruka. Ya tatu ilikuwa Mombasa, kwa sababu ya bandari, na kwa sababu nyingine ambayo ilitajwa kwa sauti ya chini: vilabu vya bara vilikuwa vikivutana, na kila kimoja kingependa makao yaende popote isipokuwa kwa mwenzake. Mombasa haikuwa na klabu. Haikuwa na wa kumwonea wivu.

Kwa chama, lilikuwa suala la mahali pa kuweka kabati na ndege mbovu. Kwa Bi Hind lilikuwa kubwa zaidi. Mtu mzima asiyeona huijua nyumba yake kwa mikono na miguu. Anajua ngazi ipi imelika na mlango upi hukwama wakati wa mvua. Ukimhamisha, umempofusha mara ya pili. Bi Mwanakuu asingeweza kuhamia bara, na binti yake asingemwacha. Makao yakienda kwingine, Bi Hind angepoteza kazi aliyoijenga karibu maisha yake yote ya utu uzima. Na kwa mujibu wa taratibu, ni katibu ndiye aliyepaswa kuandika ripoti ya kulinganisha zile sehemu tatu.

Wajumbe wa kamati hawatasahau alivyosimama siku alipokabidhiwa kazi hiyo. "Mimi mama yangu yuko Kibokoni, na simwachi," alisema. "Kwa hivyo nikiwaambia Mombasa ni pazuri, msiniamini. Tafuteni mtu mwingine aisemee Mombasa. Mimi nitaandika hizo nyingine mbili." Akaketi. Kamati ikamteua Fundi Kahindi Ngumbao, fundi wetu wa mbawa, mtu wa Kaloleni aliyekuwa na karakana yake Mbaraki, aitetee Mombasa. Naye Bi Hind akaandika ripoti mbili nzuri mno kuhusu Nairobi na Laikipia, nzuri kiasi kwamba Kahindi alilalamika waziwazi. "Dada, watuzika sisi wenyewe," alimwambia. Bi Hind akamjibu kwamba yeye ameandika alichokiona tu.

Kahindi alipata jengo Kibokoni: ghala la zamani la ukoo wa wafanyabiashara, refu, lenye milango mipana ya mbao, ambamo enzi hizo ziliwekwa samli na mikeka. Lilikuwa mlango wa pili kutoka nyumbani kwa Bi Mwanakuu. Ndani yake bawa zima lingeweza kulazwa na mafundi wakalizunguka. Tatizo lilikuwa nje. Mwenyekiti wetu wakati huo alikuwa Daktari Zilpah, daktari wa mifugo wa huko Laikipia, rubani hodari na mwanamke asiyependa maneno mengi. Aliitazama ramani ya vichochoro vya Kibokoni, akasema: "Makao makuu ambayo bawa moja haliwezi kuingia ni ya nini? Nionyesheni bawa ndani ya ghala, kisha tuzungumze." Kamati ikakubali kuwa hilo ndilo litakuwa jaribio. Bawa likiingia, Mombasa itabaki katika orodha. Lisipoingia, imetoka.

Bawa la kujaribia lilikuwapo. Ndege iliyokuwa imewasili karibuni ilivunjika ubavu wa bawa moja safarini, na bawa hilo lilikuwa kwa Kahindi likisubiri matengenezo. Siku ikapangwa, mwezi wa Agosti 1994, baada ya sala ya alasiri, wakati jua limepungua makali. Gari lingelileta hadi Ndia Kuu, kwa kuwa mbele ya hapo halipiti, kisha mahamali wangelibeba mabegani hadi ghalani. Kahindi alikuwa ameshapima kila kona kwa kamba. Lingepita, bila nafasi ya ziada, lakini lingepita.

Kilichomtia wasiwasi Bi Hind ni kuta. Kuta za Kibokoni ni za mawe ya matumbawe, na chokaa ikishabanduka huparuza kama msasa. Ngozi ya bawa ni mbao nyembamba na kitambaa. Basi akaazima mablanketi kwa majirani, akalivika bawa kuanzia mwanzo hadi ncha, na ili mablanketi yasidondoke akahitaji kitambaa kirefu cha kuyafunga juu kwa juu. Alikwenda dukani kwa binamu yake, Biashara Street. Lililokuwapo jora zima, lisilokatwa, lilikuwa moja tu. Lilikuwa la kijani.

Msomaji wa Kibokoni sasa ameshaanza kutabasamu. Kwa ajili ya wasomaji wa bara, tueleze. Katika mtaa huu maiti huchukuliwa kwa jeneza mabegani, na juu ya jeneza hutandikwa kitambaa, mara nyingi cha kijani. Jeneza linapopita, wanaume walioketi barazani husimama. Kila mmoja huingia chini yake, hulibeba hatua chache, kisha humwachia mwenzake na kufuata nyuma. Wenye maduka huvuta milango nusu. Wanawake hubaki majumbani, hawasindikizi hadi makaburini. Na jambo la muhimu zaidi kwa hadithi hii: hakuna anayeuliza kwanza ni nani aliyefariki. Unabeba, na kuuliza utauliza mbele ya safari.

Bi Hind alizijua desturi hizi tangu utotoni. Lakini alikuwa akiwaza bawa, hakuwaza kitambaa. Alilifunga vizuri sana, akakunja na pembe.

Saa ya alasiri ikafika. Mahamali wakaliteremsha bawa Ndia Kuu, wakaliweka mabegani, wakaingia kichochoroni. Kahindi alishika ncha ya nyuma, maana ndiyo nyembamba na ndiyo huvunjika. Daktari Zilpah na wajumbe wawili walifuata. Bi Hind alikuwa mbele kabisa, ghalani, amefungua milango, na mama yake ameketi karibu naye. Kwenye kona ya kwanza waumini walikuwa ndio wanatoka msikitini. Wakaona kijani kinakuja mabegani mwa watu, kimetangulia kona, mwisho wake hauonekani. Wakafanya kama walivyofunzwa na baba zao.

Mahamali ni watu wa kazi nzito, na mtu akitaka kukupokea mzigo humkatalii. Kabla ya kona ya pili hapakuwa na hamali hata mmoja chini ya bawa. Walikuwapo wauza viatu, mafundi saa, walimu wa madrasa na muuza kahawa aliyeacha birika lake barazani. Watu walisikika wakinong'onezana.

"Ni nani alofariki?"

"Sijui. Wewe shika."

"Alikuwa mrefu, maskini."

"Na maradhi yamemmaliza. Waona alivyo mwepesi?"

Nyuma kabisa Kahindi aliona hali si hali, akaanza kupiga kelele, "Kulia! Kulia! Tumepita!" Mzee mmoja akamgeukia kwa upole. "Bwana, punguza sauti. Ni maiti hii." Kahindi husema kwamba aliambiwa hivyo kwa heshima kubwa kiasi kwamba, kwa muda kidogo, yeye mwenyewe aliyelipakia garini alianza kushuku kilichomo ndani.

Daktari Zilpah naye alizuiwa kwenye kona ileile ya kwanza, na wale wajumbe wawili wakabaki naye. Kijana mmoja aliyevaa kanzu alimwambia, "Mama, wanawake hawafuati. Wewe pumzika hapa barazani." Akaletewa mkeka, akaletewa maji ya baridi, na kina mama wakatoka mlangoni mmoja mmoja kumshika mkono na kumwambia pole sana. Akawashukuru. Alidhani anapewa pole ya jua.

Lakini anayestahili kuchekwa zaidi ni mstaafu wetu, naye ametupa ruhusa. Pale ghalani, Bi Mwanakuu alisikia nyayo nyingi zinakuja pamoja, akasema, "Hind, kwaja maiti." Bi Hind akachungulia, akaona kijani kinatokeza. Kitambaa alichokichagua mwenyewe, mafundo aliyoyafunga mwenyewe. Akarudi ndani, akavuta milango ya ghala nusu kama wafanyavyo jirani zake wote, akasimama kimya, akamwombea marehemu msamaha. Bawa likapita mbele ya mlango lililokuwa likiutafuta. Likaenda zake.

Alipofungua tena milango, alianza kulalamika kwamba Kahindi amechelewa na kwamba Daktari Zilpah hapendi kusubirishwa. Mama yake alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Huyo alokuwa akipiga kelele nyuma ya jeneza," akasema, "si Kahindi?"

"Kahindi afuate maziko ya nani huku, mama?"

"Hilo ndilo nakuuliza mimi."

Bi Hind akalikumbuka jora. Akatoka mbio kichochoroni, na watu wa Kibokoni wanasema hawajamwona akikimbia kabla ya siku hiyo wala baada yake.

Bawa lilikuwa limekwishafika uwanja mdogo mbele ya msikiti wa pili, limewekwa chini kwa adabu, na watu wanapanga safu. Mzee Yazid, aliyekuwa mkubwa wa jamaa wa msikiti ule, akauliza kama desturi inavyotaka, "Wenye maiti ni kina nani?" Wakatazamana. Hatimaye macho yote yakamwendea Kahindi, kwa kuwa ndiye pekee ambaye hakuna aliyemjua.

"Mzee, hapana maiti hapa," Kahindi akasema. "Hili ni bawa."

"Bawa la nini?"

"La ndege."

"Innalillahi!" sauti ikatoka nyuma. "Ndege imeanguka?"

"Haijaanguka," Kahindi akajibu. "Hata kuruka bado."

Wakati huo ndipo Bi Hind alipofika, anahema, na alipoliona lile kundi la watu wamesimama safu mbele ya kazi ya mikono yake, alijua yote yamekwisha. Amewafanyia mzaha majirani katika jambo lisilofanyiwa mzaha, na mwenyekiti yuko huko nyuma anaona ghasia tu. Aliomba radhi. Alimweleza Mzee Yazid kila kitu: jora, mablanketi, ghala, makao makuu.

Mzee Yazid alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, sisi tumebeba kwa nia. Nia hairudishwi kwa kuwa mzigo ulikuwa mwingine. Ila nina swali moja." Akaliinamia bawa, akainua ncha ya kitambaa cha kijani. "Hili lapaaje bila ya injini?" Kahindi akachuchumaa kumweleza, na safu ikavunjika, kila mtu akataka kuona. Waliuliza juu ya unene wa mbele na wembamba wa nyuma. Waliuliza kama ni kweli mtu huketi humo ndani kwa hiari yake. Kicheko kilipoanza kilienda mbali, na muuza kahawa ndiye aliyecheka zaidi, maana ndiye aliyekuwa amesikitikia maradhi.

"Basi lapelekwa wapi?" Mzee Yazid akauliza.

"Ghalani, karibu na nyumba ya Bi Mwanakuu."

"Mmelipita. Haya, jamaa. Shikeni."

Kichochoro hakikuruhusu bawa kugeuzwa, kwa hiyo watu ndio waliogeuka: waliokuwa nyuma wakawa mbele. Wakalirudisha walewale waliolipeleka, safari hii wakijua wanabeba nini na wakibeba kwa uangalifu zaidi. Liliingia ghalani bila mkwaruzo. Bi Mwanakuu aliomba aongozwe hadi lilipolazwa, akapitisha kiganja chake kutoka mwanzo wa bawa hadi ncha, polepole, kama mtu anayesoma. Alipomaliza akasema, "Kumbe ndilo hili."

Daktari Zilpah alifika mwisho, akiwa amesindikizwa na kina mama watatu na bado ana bilauri mkononi. Hakucheka. Aliuliza swali moja, na aliliuliza kwa Mzee Yazid. "Kati ya watu hawa wote, wangapi wanamjua Hind?" Mzee Yazid akasema wengine wanamjua, wengine hawamjui. "Na kabla ya kubeba hakuna aliyeuliza ni la nani?" Mzee akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji hulowesha. "Ukiuliza kwanza," akasema, "atabeba nani?"

Kura zilipigwa mwezi uliofuata. Kila mtu alitarajia Daktari Zilpah aitetee Laikipia, nyumbani kwake. Alisimama, akasema kwamba masanduku ya chama hukwama kila mwaka kwa sababu kila mtu anayafikia na swali, na kwamba yeye ameona mahali ambapo watu hufika na mabega. Akapigia Mombasa kura. Ikashinda kwa kura mbili. Kwa haki, tuseme pia kwamba ripoti ya Fundi Kahindi ilikuwa na hoja nzito kuhusu bandari na kuhusu amani kati ya vilabu, na wapo wanaoamini kuwa hoja hizo zingetosha zenyewe. Daktari Zilpah haamini hivyo, na ukimuuliza leo atakusimulia habari ya bilauri ya maji.

Kwa Bi Hind matokeo yalikuwa haya: aliendelea kuwa katibu, na aliendelea kwenda kumpa mama yake chakula cha mchana. Aliwaajiri wanawake wa mtaani walio hodari wa kushona kofia, na mikono iliyozoea kutoboa vitundu vidogo vya kofia ikajifunza upesi kushona vitambaa vya mbawa. Leo ndege nyingi zinazoruka nyanda za juu zimeshonwa Kibokoni, ingawa washonaji hawajawahi kuziona zikiruka. Mwaka 1996 aliwapeleka kundi zima Laikipia wakazione. Wenyeji wanasema hawakuwahi kuwa na wageni wenye maswali mengi kiasi kile. Ghala lenyewe likawa shule ndogo kila Jumamosi, na barazani petu hakosekani mtu anayetaka kujua jambo fulani juu ya hewa.

Bi Mwanakuu alifariki mwaka 1997, nyumbani kwake, katika chumba alichokijua kila pembe. Jeneza lake lilipita kwenye kichochoro kilekile. Wanachama waliokuja kutoka bara hawakuhitaji kuelezwa la kufanya. Walisimama, wakabeba.

Hatuwezi kutaja hapa kila alichokifanya Bi Hind, na yeye mwenyewe ametuomba tusijaribu. Tunamshukuru kwa masanduku aliyoyatoa forodhani, kwa ugomvi wa vilabu alioupoza kwa barua fupi na chai ndefu, na zaidi kwa siku ile alipotuambia tusimwamini. Chama kinachoambiwa hivyo na katibu wake kina bahati.

Lile bawa la mwaka 1994 lilitengenezwa, likaruka miaka mitatu, na sasa limezeeka. Litakwenda kutundikwa katika darasa la marubani wapya huko Laikipia. Siku ya sherehe, baada ya alasiri, litatoka ghalani kwenda Ndia Kuu kwa njia ileile. Kina mama wa mtaa wamekwisha kuamua kwamba litafungwa kwa leso, zile kanga zao, za rangi zote, na wamempiga marufuku Bi Hind kwenda dukani. Na kwa kuwa ni bawa na si jeneza, wanawake nao watabeba. Mbele atakuwa mstaafu wetu, nyuma yake Daktari Zilpah. Hakuna atakayewaambia wangoje barazani. Mzee Yazid, ambaye sasa hutembea kwa mkongojo, ameomba apewe nafasi ya hatua chache.

Bi Hind, ofisi iko mlango wa pili kutoka kwako, kwa hiyo huendi mbali, nasi hatutajifanya kwamba tunakuaga. Mungu akupe afya, utulivu wa nyumbani, na asubuhi nyingi zisizo na sanduku lililokwama. Tunakutakia mapumziko mema uliyoyatolea jasho. Na siku ukisikia nyayo nyingi zinakuja pamoja kichochoroni, usivute mlango. Ni sisi, tunakuja kukujulia hali.

Levi Kalama
Kwa niaba ya Kamati na wanachama wote